Je, Tabia na Siasa za Mtu Zimo Katika Damu Yake?

Miongoni mwa maswali yanayoletwa mara kwa mara na watu wanaoichunguza dini ya Islam, limo moja ambalo zamani liliulizwa kwa maneno ya kawaida na sasa huulizwa kwa maneno ya kitaalamu. Zamani mtu alisema: "Sisi ukoo wetu ni watu wa hasira, ndivyo tulivyozaliwa." Siku hizi husema: "Wataalamu wamegundua kwamba hasira, ulevi, hata chama anachokipenda mtu, vyote vimeandikwa katika jeni zake. Basi mahubiri yenu yana faida gani? Na Mungu atamhukumuje mtu kwa jambo lililoandikwa mwilini mwake kabla hajazaliwa?"

Swali hili si la mzaha. Yuko mtu anayetamani kuacha pombe, naye amekwisha kukata tamaa kwa sababu baba yake na babu yake walikufa walevi. Na yuko aliyeingia katika Islam akaambiwa na jamaa zake kwamba ameisaliti damu yake. Hao wawili wanastahili jibu la haki, na jibu haliwezi kuwa la haki ikiwa hatukueleza kwanza kwa uaminifu yale waliyoyasema wataalamu wenyewe, mbali na yale wanayosingiziwa.

Jeni ni sehemu za ule uzi mwembamba uitwao DNA, uliomo ndani ya chembe hai za mwili, ambao umbo lake lilielezwa na Watson na Crick mwaka 1953. Binadamu anazo jeni zipatazo 20,000 zenye maagizo ya kutengeneza protini, na kila mmoja wetu amepata fungu moja kwa baba na fungu moja kwa mama. Kwamba rangi ya ngozi na aina ya damu hurithiwa, hapana abishaye. Ubishi uko katika tabia.

Ili kulichunguza jambo hili wataalamu wamewatumia mapacha. Wako mapacha waliotokana na yai moja, ambao jeni zao ni sawa, na wako waliotokana na mayai mawili, ambao hulingana kwa kadiri ya nusu tu kama ndugu wengine. Ikiwa wale wa kwanza wanafanana zaidi katika jambo fulani kuliko wale wa pili, hudhaniwa kwamba urithi una sehemu katika jambo hilo. Kuanzia mwaka 1979 Profesa Thomas Bouchard wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwakusanya mapacha waliotenganishwa utotoni wakalelewa katika nyumba mbalimbali, akaona kwamba wengi walifanana sana hata katika mwenendo. Na mwaka 2005 wataalamu watatu wa elimu ya siasa, Alford, Funk na Hibbing, walitangaza uchunguzi wao juu ya maoni ya kisiasa ya mapacha wa Marekani. Walisema kwamba tofauti za watu katika maoni yao juu ya mambo mbalimbali, kama vile adhabu ya kifo au kodi, zaweza kuelezwa na urithi kwa kadiri ya theluthi moja hivi. Lakini walipotazama chama ambacho mtu hujihesabu kuwa mfuasi wake, waliona sehemu ya urithi ni ndogo sana, na malezi ya nyumbani ndiyo yenye nguvu. Jambo hili la pili magazeti hayakulipigia mbiu kama lile la kwanza!

Hapa nataka msomaji asimame kidogo. Theluthi hiyo haina maana kwamba sehemu moja katika tatu ya rai yako imetoka kwa babu yako. Ni hesabu ya tofauti zilizoko baina ya watu wengi, mahali fulani na wakati fulani. Mkulima akipanda mbegu mchanganyiko katika shamba moja lenye rutuba sawa na maji sawa, tofauti za mahindi yake zitatokana zaidi na mbegu. Mwaka wa pili akizipanda mbegu zile zile, nusu kwenye mawe na nusu bondeni, hesabu itageuka kabisa, ingawa mbegu hazikubadilika. Tena wapo wataalamu wanaosema kwamba mapacha wa yai moja hufanywa wafanane na wazazi na walimu wao, na kwa hiyo hata hesabu yenyewe imezidishwa. Mwaka 2008 ilitangazwa kwamba jeni mbili tu zaonyesha nani atakwenda kupiga kura na nani atakaa nyumbani, na mwaka 2012 wataalamu wengine wakaupinga uchunguzi huo vikali. Haijapatikana jeni ya kupenda chama, wala jeni ya uongo, wala jeni ya wizi. Linaloonekana ni kwamba jeni nyingi sana, kila moja kwa nguvu ndogo, humpa mtu mwelekeo: huyu mwepesi wa hofu, yule mpole, huyu apenda mambo mapya, yule hushikilia ya zamani.

Je, Islam inaogopa kusikia hayo? La hasha. Bedui mmoja alimjia Mtume Muhammad s.a.w. akiwa na shaka kwa sababu mkewe alizaa mtoto mweusi. Mtume s.a.w. akamwuliza kama ana ngamia, na rangi zao zikoje. Akasema ni wekundu. Akaulizwa kama hamna wa kijivu kati yao, akakiri kwamba wamo. Akaulizwa wamepata wapi rangi hiyo, akajibu kwamba labda ni asili ya zamani iliyowavuta. Ndipo Mtume s.a.w. akamwambia kwamba pengine na mwanawe amevutwa na asili kama hiyo. Hivyo heshima ya mwanamke yule ikaokolewa kwa elimu ya urithi, zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili kabla ya Mendel kuhesabu mbaazi zake!

Na kuhusu tabia, alikuja mkuu wa ujumbe wa kabila la Abdul Qais, naye Mtume s.a.w. akamsifu kwa sifa mbili azipendazo Mwenyezi Mungu, yaani upole na kutokuwa na haraka. Yule bwana akauliza swali lile lile la wasomaji wetu: Je, sifa hizo nimezichuma mwenyewe au nimeumbwa nazo? Akajibiwa kwamba Mungu amemwumba nazo, naye akamshukuru Mola wake. Kurani Tukufu nayo katika Sura Ad-Dahr (76:3-4) yataja kwamba mtu ameumbwa kwa tone lililochanganyika, kisha akafanywa mwenye kusikia na kuona, kisha akaonyeshwa njia, awe mwenye shukrani au mwenye kukufuru. Tazama mpango huo: mchanganyiko wa wazazi umetajwa kwanza, wala haukukanushwa, lakini maneno hayakuishia hapo.

Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, aliifafanua siri hii katika hotuba yake iliyosomwa Lahore mwezi wa Desemba 1896, nayo imefasiriwa katika lugha nyingi. Alifundisha kwamba hali za maumbile na tabia njema ni vitu viwili. Upole ambao mtu amezaliwa nao bado si tabia njema, kama vile upole wa kondoo si ucha Mungu. Na ukali wa maumbile bado si dhambi. Hali hizo huwa tabia zinapotawaliwa na akili na kutumiwa mahali pake na kwa wakati wake: kusamehe panapofaa kusamehe, na kuadhibu panapofaa kuadhibu. Kwa hiyo mtaalamu anayesema kwamba mtu huzaliwa na mwelekeo wa hasira hajasema neno juu ya wema wala uovu wake. Ametaja mali ghafi tu.

Msomaji ataka ushahidi? Watazame Seyidna Abu Bakr r.a. na Seyidna Umar r.a. Mmoja aliumbwa mpole, wa pili mkali. Baada ya vita vya Badri waliulizwa rai juu ya mateka. Abu Bakr akataka waachwe kwa fidia, Umar akataka wauawe. Na imepokewa kwamba Mtume s.a.w. alimfananisha wa kwanza na Ibrahimu na Isa a.s., na wa pili na Nuhu na Musa a.s. Leo watu wa siasa wangesema hivi ni vyama viwili. Lakini Mtume s.a.w. alipofariki mwaka 632, na baadhi ya makabila yakakataa kutoa zaka, Umar ndiye aliyeshauri kutopigana nao, na Abu Bakr mpole akaapa kwamba atapigana nao hata wakizuia kamba ya ngamia. Jeni zao hazikubadilishana usiku ule! Kila mmoja alikuwa amekwisha kuyaweka maumbile yake chini ya haki.

Na yule ndugu mwenye baba mlevi? Ni kweli kwamba urithi una sehemu kubwa katika ulevi. Wataalamu huikadiria kuwa kama nusu ya tofauti za watu. Ila Waarabu wa Madina walikuwa wanywaji, baba kwa baba. Anas r.a. alikuwa akiwanywesha wageni katika nyumba ya Abu Talha r.a. mbiu iliposikika kwamba pombe imeharamishwa, akaambiwa atoke akaimwage, na pombe ikatiririka katika njia za mji. Miili yao ya asubuhi na ya jioni ilikuwa ile ile. Siandiki hivi ili kumdharau anayehangaika mwaka mzima na kuanguka mara tatu. Yeye amebebeshwa mzigo mzito kuliko mimi nisiyeitamani pombe hata kidogo, na Mola asiyeikalifisha nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake (2:287) anaijua mizani hiyo. Mtume s.a.w. amesema kwamba asomaye Kurani kwa kugugumia na kwa taabu ana thawabu mbili. Basi nani kasema kwamba kujizuia kwa taabu hakuna daraja kama hiyo?

Lakini mizani hiyo ni ya Mungu, na wanadamu wameitumia vibaya walipoishika wao. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu watu walioitwa wapungufu wa akili wahasiwe, ati wasirithishe. Hata kwetu, mwaka 1933 walowezi wa Nairobi walianzisha chama cha kuchunguza uboreshaji wa vizazi. Dakta Gordon na Dakta Vint wakapima vichwa na ubongo wa Waafrika, na vipimo hivyo vikatumiwa kutia shaka kama Mwafrika anafaa kusomeshwa. Kosa lao halikuwa hesabu tu. Waliamua kwanza, wakapima baadaye. Kurani Tukufu (49:14) yataja makabila kuwa ya kujuana, na heshima kuwa ya mcha Mungu. Kwa upande mwingine, mwaka 2009 mahakama ya rufani ya Trieste, Italia, ilimpunguzia mwuaji kifungo cha mwaka mmoja kwa sababu, pamoja na mengine, ya jeni zake. Mimi sioni haki katika hukumu hiyo, kwani wengi wenye jeni kama hizo hawajaua mtu.

Limebaki la yule aliyeambiwa ameisaliti damu. Mtume s.a.w. amefundisha kwamba kila mtoto huzaliwa katika maumbile safi, na wazazi wake ndio wamfanyao Myahudi au Mkristo au Mmajusi. Hakusema damu yao. Amesema wazazi, yaani malezi. Na wale wachunguzi wa mwaka 2005 wameona hivyo hivyo juu ya vyama. Jina la kundi hupokewa mezani kwa baba. Na lililopokewa mezani laweza kupimwa na kuachwa, ndiyo maana Kurani (2:171) yawalaumu wasemao watafuata tu waliyowakuta nayo baba zao. Baba mwenyewe bado ana haki ya kutendewa wema, hata kama hakubaliani nawe, na damu yake unayo vile vile.

Kwa aliyeumbwa mwepesi wa hasira, Mtume s.a.w. ameacha mafundisho yanayoweza kutendwa leo hii: hasira ikimshika amesimama, aketi, isipoondoka, alale, na atawadhe kwa maji.