Ukuta na Mlango: Nani Jirani wa Mkaazi wa Ghorofa?

Katika Uislamu jirani ni mtu mwenye haki. Aya ya 36 ya Sura An-Nisaa inamtaja pamoja na wazazi, jamaa, mayatima na masikini, tena inataja majirani wa aina mbili: aliye karibu na aliye mbali. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inaeleza kwamba Jibrili alikariri kumuusia Mtume juu ya jirani hata Mtume akadhani kuwa jirani atatiwa katika mirathi. Amri yenyewe haina utata. Wanavyuoni walichojadiliana ni mipaka yake: ujirani unaanzia wapi na unaishia wapi? Suala hilo lina uzito wa pekee katika mitaa ya ghorofa ya Ng'ambo, mjini Unguja.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Abeid Amani Karume ilianza kujenga nyumba za ghorofa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Za mwanzo zilisimama Kikwajuni na Kilimani katika miaka ya 1960. Yakafuata majumba marefu ya Michenzani, yaliyopangwa kando ya barabara mbili zinazokatana kwenye mzunguko. Mahali hapo palikuwa na nyumba za udongo zenye baraza mbele na ua nyuma. Watu waliozoea kutazamana uso kwa uso sasa wakapandana, huyu juu ya kichwa cha yule, na jirani wa kila mmoja akawa ndiye aliyepewa ufunguo wa mlango wa pili. Leo mitaa hiyo ni mikongwe: wajukuu wa waliokabidhiwa funguo wana watoto wao.

Kuhusu umbali, jibu mashuhuri zaidi ni nyumba arubaini. Bukhari, katika kitabu chake cha adabu, Al-Adab al-Mufrad, amepokea kauli ya Hasan al-Basri kwamba jirani ni nyumba arubaini mbele, arubaini nyuma, arubaini kulia na arubaini kushoto. Hesabu hiyo inafaa mji uliotandaa chini. Haisemi kitu juu ya aliye juu na aliye chini, na mtu akiifuata kwa herufi zake ndani ya jumba moja la Michenzani, aliyelala chini ya sakafu yake atakuwa bado hajahesabiwa.

Kipimo chenye manufaa zaidi ni kile cha mlango. Bibi Aisha alimuuliza Mtume: ana majirani wawili, ampelekee yupi zawadi? Akajibiwa kuwa ni yule ambaye mlango wake uko karibu zaidi. Katika nyumba za chini tofauti ya mlango na ukuta ni ndogo, kwani mwenye kupakana nawe kwa ukuta huwa ndiye mwenye mlango wa karibu. Katika jumba lenye ngazi nyingi mambo hayo mawili yanaachana. Familia mbili zinaweza kugawana ukuta mmoja wa chumba cha kulala, kila moja ikisikia kikohozi cha mwenzake usiku, na milango yao ikawa kwenye ngazi mbalimbali. Ili sahani ya futari ifike upande wa pili, mtoto hana budi kuteremka hadi chini, kuzunguka uwanjani na kupanda upya, na kawa lake mkononi. Ndiyo maana sahani nyingi za Ramadhani huishia kwenye ngazi ileile zilikotoka, na kurudi na kitu ndani, kwa kuwa sahani ya watu hairudishwi tupu.

Hapo panaonekana kwamba haki ya jirani si moja. Wajibu wa kutoa unafuata mlango, na wajibu wa kutodhuru unafuata ukuta, sakafu na dari. Mtu anaweza kuwa jirani wa mbali katika pilau na jirani wa karibu kabisa katika bomba linalovuja.

Msingi wa wajibu huu wa pili ni hadithi ya 32 katika Arubaini za Imam Nawawi, inayojulikana kwa kila aliyepita madrasa: hakuna kudhuru wala kudhuriana. Wanasheria waliitumia hata katika nyumba za ghorofa, ambazo si jambo geni katika fiqhi. Majalla, mkusanyiko wa sheria uliotolewa na dola ya Uthmaniya kati ya 1869 na 1876, inasema katika kifungu cha 1192 kuwa mwenye ghorofa ya juu ana haki ya kutulia juu ya jengo la chini, na wa chini ana haki ya kusitirika kwa jengo la juu dhidi ya jua na mvua. Hakuna kati yao anayeruhusiwa kufanya la kumdhuru mwenzake bila ya ridhaa yake. Majalla ni ya madhehebu ya Hanafi na haikuwa sheria ya Unguja, lakini ni shida kupata maelezo mafupi kuliko hayo ya hali ya dari ambayo ni sakafu ya mtu mwingine. Mwenye kutwanga kisamvu kinuni alfajiri kwenye ghorofa ya tatu anatwanga nyumbani kwake, na pia anatwanga juu ya kitanda cha mtu.

Ghazali hakuridhika na kutodhuru. Katika kitabu chake Ihyaa anasema haki ya jirani haiishii katika kuzuia maudhi, bali ni pamoja na kuyavumilia. Anasimulia habari za mtu aliyelalamika kuwa panya wamemzidi nyumbani. Alipoulizwa mbona hafugi paka, alisema anachelea panya wasikie sauti ya paka wakakimbilia kwa majirani. Kisa hicho kina chumvi kidogo, lakini hoja yake ni nzito: kuhamisha taabu kutoka nyumba moja kwenda nyingine si kuiondoa.

Ukongwe wa mtaa nao unaleta suala lake. Mwenye nyumba anapofariki, warithi wanaweza kuwa wengi na vyumba vichache visivyogawika, na mara nyingi wanaona afadhali kupangisha. Je, mpangaji wa mwezi mmoja ni jirani sawa na aliyezaliwa hapo? Aya iliyotajwa inajibu bila kusema: baada ya majirani inamtaja hata mwenza aliye ubavuni, ambaye wafasiri wengine wamemfasiri kuwa ni mwenza wa safarini. Ikiwa wa safari moja ana haki, wa mwezi mmoja hawezi kukosa.

Linabaki lile lisilo ukuta wala mlango wa mtu: ngazi, paa, tangi la maji. Hapa wakaazi wamevuka ujirani wakawa washirika, na sheria ya washirika ni nyingine. Katika Minhaj ya Nawawi, kitabu kikubwa cha madhehebu ya Shafii kinachosomeshwa pwani, kauli mpya ya Imam Shafii ni kuwa mshirika hawezi kumlazimisha mwenzake kujenga upya ukuta wao uliobomoka. Kauli ya zamani inaruhusu kulazimisha. Madhehebu yameifuata ile mpya, na kwa ukuta baina ya nyua mbili ina mantiki, kwani anayetaka sitara anaweza kujenga wake upande wake. Kwa ngazi hakuna njia hiyo. Hakuna awezaye kujijengea ngazi yake peke yake hadi ghorofa ya nne, wala kuziba nusu yake ya paa. Kwa ghorofa, kauli ya zamani ndiyo inayofaa: mchango wa paa na ngazi ni deni, na asiyeutoa anakula haki ya wenzake.