Kura ya Anayeondoka

Wiki yangu ya mwisho chuoni nilipiga kura. Nilikuwa nimeshajua sirudi. Karo ilikuwa imenishinda, mama alikuwa ameacha kuuliza, na begi langu lilikuwa chini ya kitanda, limejaa nusu. Lakini jina lilikuwa bado kwenye orodha, kwa hivyo nikapanga foleni kama wengine kuchagua viongozi wa wanafunzi. Nikampa yule mwenye kelele. Yule aliyesema maji yakikosekana hosteli siku moja zaidi, chuo kitajua hakijui.

Alishinda. Mwezi haukuisha kabla ya mgomo. Vioo vikavunjwa, chuo kikafungwa, na wanafunzi waliporudi kila mmoja akalipishwa uharibifu kabla ya kuruhusiwa kufanya mtihani. Mimi nilikuwa nyumbani nikifuatilia kwa simu kama mechi. Jamaa tuliyekuwa tunaishi naye chumba kimoja, ambaye alikuwa amempigia yule mpole, alilipa. Aliponipigia simu hata hakunifokea. Aliuliza tu: "Na si ulikuwa unaenda? Ulikuwa unatuchagulia wa nini?"

Nimekaa na hilo swali karibu miaka mitatu. Mtu anayejua anaondoka, ana haki gani ya kupiga kura?

Jibu la haraka ni kwamba hana. Usipike chungu ambacho hutakula. Nilikuwa karibu kulikubali, kusema ukweli, hadi nilipoanza kusoma kuhusu Tuvalu.

Tuvalu ni visiwa tisa vidogo katika bahari ya Pasifiki. Watu ni kama 11,000, yaani wanaweza kutoshea kwa uwanja mmoja wa mpira na viti vibaki. Ardhi yote ukiijumlisha ni kilomita mraba 26 hivi, na pale juu kabisa hapafiki mita tano kutoka usawa wa bahari. Nyumba ya orofa moja ya hapa mtaani inaipita nchi nzima kwa urefu. Bahari inapanda, na kila mtu pale anajua.

Tarehe 26 Januari 2024 watu hao walipiga kura kuchagua Bunge. Viti ni 16: maeneo nane, kila eneo wabunge wawili. Hakuna vyama. Hakuna rangi ya kuvaa wala wimbi la kukubeba. Unasimama kama mtu, na wanaokuchagua wanakujua, wanaijua familia yako, na wanajua ulivyojibu ulipoulizwa jambo mwaka juzi. Waziri Mkuu, Kausea Natano, alipoteza kiti chake. Kisha nchi ikangoja, kwa sababu hali mbaya ya hewa ilichelewesha boti za kuwaleta wabunge wa visiwa vya mbali hadi Funafuti, mji mkuu. Ulipita mwezi mzima ndipo Feleti Teo, aliyewahi kuwa mwanasheria mkuu, akachaguliwa Waziri Mkuu bila kupingwa.

Kilichofanya uchaguzi huo uwe mzito ni mkataba ambao Natano alikuwa ameweka sahihi na Australia miezi michache kabla, Novemba 2023. Unaitwa Falepili, neno la huko lenye maana ya ujirani mwema. Kwa mkono mmoja, Australia inawapa Watuvalu 280 kila mwaka nafasi ya kwenda kuishi, kusoma na kufanya kazi kwake, na ruhusa ya kurudi nyumbani wanapotaka. Inaahidi pia kusaidia nchi ikipigwa na janga au ikivamiwa. Kwa mkono wa pili, Tuvalu haiwezi kuingia makubaliano ya usalama na nchi nyingine bila kukubaliana na Australia kwanza. Waziri Mkuu wa zamani, Enele Sopoaga, aliupinga hadharani. Natano alianguka, lakini mkataba haukuanguka naye. Ulianza kutumika Agosti 2024.

Ona jinsi gharama zilivyogawanyika. Anayepata viza anapata maisha mapya. Anayebaki anapata ulinzi, sawa, lakini ndiye atakayeishi ndani ya nchi ambayo lazima iulize jirani kabla ya kuamua. Hiyo ni kesi yangu ya hosteli, ila imekuzwa hadi ukubwa wa taifa. Mmoja anachagua, mwingine analipa.

Basi chukua lile jibu la haraka ulipeleke Funafuti. Mwaka 2025 bahati nasibu ya kwanza ya zile nafasi 280 ilipofunguliwa, zaidi ya watu 8,000 waliandikishwa, ukihesabu na familia zao. Karibu nchi nzima. Kama anayetaka kuondoka hana haki ya kura, hao wote wakae kando, na hatima ya taifa iamuliwe na kikundi kidogo ambacho hakikujaza fomu. Hapo ndipo jibu langu lilipovunjika.

Kwa sababu piga hesabu. Watu 280 kwa mwaka, kati ya 11,000, ni karibu miaka 40. Uchaguzi ni kila miaka minne. Wengi walioandikisha majina yao kwa bahati nasibu watakuwa bado wako kwenye foleni ya kura ijayo, na ile ya baadaye. Wanataka kwenda na hawajaenda. Hawajui kama wao ndio watakaopanda ndege au ndio watakaobaki wakiziba mashimo ya maji ya chumvi shambani. Kura yao moja lazima iwatoshe watu wawili: yule atakayeondoka na yule atakayebaki, na wote wawili wanaweza kuwa yeye.

Mimi nilikuwa najua mimi ni yupi. Hiyo ndiyo tofauti, na ndiyo aibu. Kosa halikuwa kuondoka. Wala kupiga kura halikuwa kosa. Kosa ni kwamba nilipiga kura nikiwa nimeshajitoa kwenye matokeo. Nilichagua kama mtu anayeangalia sinema.

Na tukiwa wakali sana kwa anayeondoka, tutamwambia nini shosho wa miaka 85? Yeye pia anaondoka. Barabara atakayoichagua huenda asiipite. Hakuna anayemnyang'anya kadi, na ni sawa, maana tunajua wengi wa umri wake huchagua wakifikiria wajukuu. Kwa hivyo muda utakaobaki mahali si kipimo. Kipimo ni kama yule atakayelipa yumo kichwani mwako unapoweka alama.

Watuvalu wenyewe wameandika kitu kama hicho. Katiba yao iliyoanza kutumika mwaka 2023 inasema taifa lao litaendelea kuwepo daima, hata bahari ikichukua ardhi. Watu wengine huliona hilo kama ndoto. Mimi naliona kama deni. Linamwambia anayepanda ndege: umehama, hujajitoa.

Hapa Kenya tunapiga kura Agosti 2027, na nusu ya marafiki zangu wana pasipoti mpya na kadi ya kura kwa mfuko mmoja. Wengine wananiambia hawatajisumbua, wao wanaenda Qatar. Wengine wanasema watapiga ya hasira halafu waende. Zamani ningecheka na hawa wa pili. Siku hizi nawauliza mama zao watabaki na nani.

Mwezi jana nilimtumia yule jamaa nusu ya pesa alizolipishwa. Akauliza ni za nini. Nikamweleza, kwa maneno mengi kuliko haya. Akakaa kimya dakika kadhaa, kisha akaandika: "Sawa. Lakini kama ungebaki, ungempigia nani?"

Nilitaka kumwambia yule mpole. Lakini maji yalikuwa hayapo kweli, wiki ya tatu, na yule mpole alikuwa ameahidi kuandika barua. Huenda bado ningempa mwenye kelele. Tofauti ni kwamba ningelala pale siku vioo vinavunjwa, na ningelipa.