Hukumu ya Maji na Hukumu ya Mwenye Kuyachafua

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Mas-ala ya qullatayn hujulikana tangu chuoni. Maji yakipungua kiasi hicho, nacho ni takriban lita 200, hunajisika kwa kuingiwa na najisi tu. Yakitimia, hayanajisiki mpaka yageuke rangi, au tamu, au harufu. Hiyo ndiyo kauli ya madhehebu ya Imamu Shafi. Lakini wako walioifanya ngao. Mwenye gari la kunyonya vyoo humwaga bondeni usiku, na akiambiwa amche Mola wake hujibu: “Mto ni maji mengi, haunajisiki.”

Hoja hii ni batili, kwani imechanganya hukumu mbili. Moja ni ya maji: yafaa kutawadhia au hayafai? Ya pili ni ya kitendo: yajuzu kuyatia uchafu au haijuzu? Mtume (s.a.w.) amekataza kwenda haja penye vituo vya maji, na njiani, na kivulini, akabainisha kuwa ni mambo ya kuleta laana. Basi huenda mto ukabaki tohara, na aliyeuchafua akabaki na dhambi yake.

Na itazamwe nchi ya Ngara. Mto Ruvubu watoka Burundi ukakutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Kisha maji hushika njia ya kaskazini mpakani mwa Tanzania na Rwanda, yakageuka mashariki, yakapita Kyaka, yakaingia Ziwa Victoria upande wa Uganda. Mwenye kumwaga Ngara hamwoni mwenye kuteka ziwani, wala huyu hamjui yule. Mwaka 1994 mto huo ulichukua maiti za waliouawa Rwanda hadi ziwani, na waliozitoa majini na kuzizika ni watu wa mwambao wa Uganda, wasiojua hata majina yao. Tangu hapo nani atasema kuwa wa juu na wa chini hawahusiani?

Huenda ikasemwa kuwa mji mdogo hauna uwezo. Lakini mabwawa ya kutuamishia maji machafu hayahitaji mitambo mikubwa: uchafu huzama, vijidudu huula, na jua huua viini vya maradhi. Wala sharia haiyakatai. Maji mengi yaliyogeuka, yakiondokewa na mageuko yake yenyewe kwa kukaa, hurejea tohara. Na mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakubwa wa Saudia lilitoa fatwa ya utohara wa maji taka yaliyosafishwa barabara. Serikali nayo, kwa Sheria ya Mazingira ya 2004, imezuia shughuli zenye kudhuru ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Basi kodi ya mji itumiwayo kuchimba mabwawa hayo haikupotea: ni kumwondolea madhara jirani asiyeonekana.

Na mtu wa pwani asiseme kuwa ya Ngara hayamhusu. Yeye chini yake iko bahari, na baharini yuko mvuvi.

Wallahu aalam.