TAFAKURI YA RAMADHANI – SIKU YA 12: Haki ya Njia Mbele ya Geti la Shule



Ndugu yangu uliyefunga, leo tuangalie kipande kimoja cha siku yako: kati ya saa 12 na saa 1:30 asubuhi, Dar nzima ikipeleka watoto shule.

Mwezi huu umeshaamka kula daku, Alfajiri umeswali. Muda unao. Lakini wengi tunarudi kulala, tunashtuka kumekucha, ndipo mbio zinaanza. Ukifika shuleni unasimamisha gari katikati ya njia, unawasha hazadi: "Dakika moja tu!" Unamvalisha mtoto begi, unaongea na mwalimu. Nyuma yako daladala imejaa. Ndani yumo muuguzi anayekwenda kumpokea mwenzake wa zamu ya usiku, yumo kibarua ambaye akichelewa anakuta nafasi imejazwa. Usingizi ni wako, wanaoulipia ni wao.

Mtume (s.a.w.) aliwakataza maswahaba kukaa njiani. Waliposema hawana budi, akawaambia basi waipe njia haki yake, na katika haki hizo akataja kuzuia maudhi. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Sasa jiulize: ikiwa anayekaa tu njiani anadaiwa haki, anayeiziba je?

Na wewe wa daladala usidhani haya ni ya wenye magari peke yao. Pale kituoni mwanafunzi anazuiwa mlangoni kwa sababu nauli yake ni ndogo. Gari la kwanza linamwacha, la pili linamwacha, akifika shule anaadhibiwa kwa kuchelewa. Wewe uko kitini, unasoma adhkari kwenye simu, kimya. Kuamrisha mema nako ni katika haki za njia. Mwambie konda kwa upole, "Mchukue mtoto huyo." Kisha mpakatie begi lake.

Kesho fanya moja kati ya haya: usirudi kulala, utoke mapema. Au wewe na jirani mpeleke watoto kwa gari moja, zamu kwa zamu. Au mshushe mwanao kabla ya foleni, mtembee hatua chache huku akikusomea sura aliyohifadhi.

Jioni nako, kila mtu akiwahi futari, ni hivyo hivyo.

Ewe Mola, zikubali funga zetu, wala usitujaalie kuwa maudhi kwa waja Wako. Amin.

Mfikishie na mzazi mwenzako.