ALIYEUMIA KAZINI AMEKOSA NINI?

Mtu aendaye Keko, katika Temeke, husikia misumeno ya maseremala kabla hajaiona. Hapo hutengenezwa vitanda, makabati na meza za nyumba nyingi za Dar es Salaam. Tuseme kijana mmoja anapasua mbao jioni, na msumeno wa umeme unamkata mkono. Anapona kwa taabu, anarudi kwao Kinondoni na mkono mmoja. Majirani wanakuja kumpa pole. Wakiisha kutoka nje, wananong'ona. Huyu asema, “Alikuwa mzembe.” Yule asema, “Tajiri wake amemtoa kafara.” Wa tatu, naye aghalabu ni mtu wa sala, asema, “Mungu hamwadhibu mtu bure.”

Maneno haya hatuyasemi wanapoumia wengi. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, watu wakiwa madukani mwao. Karibu 30 walikufa, na zaidi ya 80 waliokolewa wakiwa hai. Wananchi walifukua kifusi kwa mikono yao, na Serikali ikaunda kamati ya kukagua majengo mengine ya Kariakoo. Swali lilikuwa juu ya jengo, wala si juu ya maisha ya waliofukiwa. Mbona basi, anapoumia mmoja peke yake, twaacha kuukagua msumeno na kuanza kumkagua mtu?

Sababu yake ni woga. Mkono uliokatika watukumbusha kwamba na wetu waweza kukatika kesho. Kwa hiyo twatafuta kosa kwa mwenzetu: akiwa mzembe, sisi tulio waangalifu tu salama, akiwa amelaaniwa, sisi tusiolaaniwa tutapona. Hukumu yetu ni hirizi tujivikayo shingoni, na kama hirizi nyingine haikingi kitu.

Bwana wetu alikwisha kulijibu swali hili. Mnara wa Siloamu ulipowaangukia watu 18 wakafa, aliwakataza wasikilizaji wake wasidhani kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu. Kisha akawaonya wajitazame wao wenyewe.

Labda msomaji atasema, “Lakini uzembe upo!” Naam, upo, na ni haki kuuliza chanzo cha ajali. Ila tuulize ili kumwokoa atakayeshika msumeno kesho, si kumwaibisha aliyeumia jana. Twapenda kusema ajali haina kinga. Lakini msumeno una kinga yake, tena ya chuma. Ni nani aliyeiondoa ili kazi iende upesi? Ni nani aliyemwambia kijana amalize kitanda usiku huohuo? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yampasa mwajiri kuwalinda watu wake. Tukiisha kusema “alikuwa mzembe”, hakuna amwulizaye tajiri neno, na msumeno unaendelea kuzunguka bila kinga.

Katika jambo hili sheria imetutangulia. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliweka Mfuko ulioanza kazi mwaka 2015. Waajiri ndio wauchangiao, wala mshahara wa mfanyakazi haukatwi kwa ajili yake. Aliyeumia hadaiwi kwanza athibitishe kosa la mwajiri. Yatosha kwamba ameumia katika kazi yake. Lakini kibarua ambaye jina lake halimo katika daftari yoyote hana budi kupata mashahidi wa kusema, “Huyu twamjua, alifanya kazi hapa.” Atawapata wapi, ikiwa wenzake wamekwisha kumhukumu?

Yatupasa basi kwenda kumtazama mgonjwa tukiwa na ulimi mfupi na mkono mrefu. Tumsaidie kuandikisha madai yake. Tusiutazame mkono wake uliokatika kana kwamba ni waraka wa siri za moyo wake. Tumtafutie kazi aiwezayo, kwa maana bado ni baba, ni fundi, ni jirani. Wazee walitufundisha: hujafa hujaumbika. Umbo letu bado halijakwisha, nasi hatujui kesho tutahitaji majirani wa namna gani.