Mbwa Anayeogopa Wageni

John Paul Scott na John Fuller, watafiti wa Marekani waliochapisha mwaka 1965 kitabu kuhusu urithi na tabia za mbwa, walieleza kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi mtoto wa mbwa hupitia kipindi cha ujamiishaji, yaani muda ambao huzoea kwa urahisi watu wageni na vitu vipya, na anayeukosa huweza kubaki na hofu hata akilelewa kwa upendo baadaye. Kwa hiyo mbwa mdogo aliyeokolewa mtaani, anayerudi nyuma huku amebana mkia katikati ya miguu na kulamba midomo kila mgeni apigapo hodi, si mkaidi, na ni dhuluma kumchapa kwa sababu amenguruma, kwani mngurumo ni onyo, na mbwa aliyekomeshwa kuonya huweza kuuma ghafla. Mgeni aombwe asimkazie macho wala kumnyooshea mkono, bali aketi kiubavu, amtupie kipande cha nyama na kumwacha asogee kwa hiari yake, hata ikichukua miezi, bila mwenye nyumba kumvuta kwa kamba.