VAZI LA KIKE JUU YA MWANAMUME, NA WAJIBU WA WENYE KUMWONA

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanaadamu mume na mke, akawateremshia mavazi ya kuwasitiri. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baad. Enyi ndugu zetu Waislamu, khasa nyinyi watu wa Pwani mliopanda Moshi kwa biashara na kazi. Wazee wenu walifika huko kwa misafara, na baadaye kwa reli ya Tanga iliyofika Moshi mwaka 1911. Wenyeji wa mlima waliutazama Uislamu katika kanzu za wazee hao, na sala zao, na muamala wao. Nanyi leo mmekaa mahali pao, na mwendo wenu watazamwa vile vile. Basi neno hili ni lenu kwanza.

Tuseme kijana mmoja, mwana wa Waislamu, ametoka kwao Majengo baada ya Magharibi, amevaa baibui na kujitanda mtandio, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kutoka hivyo mbele za watu. Apita kando ya njia, na moyo wamwenda mbio. Afika penye baraza, na mtu mmoja aitambua miguu yake. Hapo watu huuliza swali moja tu: Ni nini hukumu yake? Nalo ni swali la haki. Lakini liko la pili, ambalo sisi wenyewe tutaulizwa Siku ya Kiyama: Ni nini hukumu ya wale walioketi barazani?

Ama hukumu ya vazi, hatuifichi wala hatuilegezi. Imepokewa na Bukhari, kutoka kwa Ibn Abbas, ya kuwa Mtume (s.a.w.) amewalaani wanaume wenye kujifananisha na wanawake, na wanawake wenye kujifananisha na wanaume. Mwenye kuvaa kwa kusudi hilo, na hali ana hiari yake, amefanya lililoharimishwa, na toba yampasa.

Walakini wanazuoni hawakuishia hapo, na asiyejua walipofika asijitie katika kuhukumu. Imam Nawawi, ambaye sisi Mashafii twavitegemea vitabu vyake, katika sherehe yake ya Sahih Muslim amewagawa watu hawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yule aliyeumbwa na tabia hiyo, mwendo wake na sauti yake ni vya kike pasi na yeye kujikalifisha. Huyo, asema, hana lawama wala dhambi wala adhabu, kwa kuwa ana udhuru, na hakuyataka. Fungu la pili ni mwenye kujitia makusudi, na huyo ndiye aliyelaumiwa. Na Ibn Hajar akaongeza katika Fat-hul Bari kuwa yule wa asili huamrishwa ajitahidi kuyaacha pole pole. Tazameni neno hilo, pole pole. Hakusema kwa fimbo, wala kwa kelele za njiani.

Tena vitabu vyetu vya fiqhi vina milango ya khuntha, yaani mtu ambaye maungo yake hayakubainika kuwa ni ya kiume au ya kike: vipi atasimama katika safu za sala, na vipi atarithi. Basi huyo mpita njia, ni nani katika nyinyi aliyejua kuwa si mmoja wa hao? Mmeona nguo, hamkuona umbo, wala hamna ruhusa ya kulitazama.

Na lingine ni hili, kwamba umbo la vazi hufuata ada ya kila mji. Haya pia ameyasema Ibn Hajar alipoifasiri hadithi hiyo hiyo, na mtu wa Moshi hahitaji kwenda mbali kuyaona. Katika nyanda zilizo chini ya mlima wako Wamasai. Morani wao husuka nywele na kuvaa shanga, jambo ambalo kwetu Pwani ni la wanawake, na kwao ni la mashujaa. Na A. C. Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1905 juu ya Wamasai, ameeleza kuwa mvulana aliyekwisha tahiriwa alikuwa akivaa nguo ndefu hata chini, na hereni za kike ziitwazo surutia, mpaka apone. Akienda njiani hivyo kwa mara ya kwanza, watu wake walijua kuwa ametoka katika utoto na sasa yuaingia katika utu uzima. Hatusemi kuwa ada hiyo ni sheria yetu. Twasema kuwa aonaye nguo peke yake hajaona bado nia ya mwenye kuivaa.

Tena liko vazi la dharura, na mfano wake ni mkubwa katika historia yetu. Mwaka 1859 Seyyid Barghash bin Said aliinuka juu ya ndugu yake, Seyyid Majid, na nyumba yake huko Unguja ikazungukwa na askari. Ndugu zake wa kike, Bibi Khole na Bibi Salme, waliingia kwake usiku, wakamtoa amevikwa shela kama mwanamke, haonekani ila macho, wakapita naye katikati ya walinzi. Bibi Salme mwenyewe ameyaandika haya katika kitabu chake kilichochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Barghash alishindwa, akapelekwa Bombay, kisha akarudi, na mwaka 1870 akawa Sultani. Na mwaka 1885 mtu huyo huyo alimtuma Jemadari Mathews mpaka Kilimanjaro, bendera yake ikapandishwa hapo Moshi.

Hatuutaji uasi wake kwa kuusifu. Mazingatio yetu ni kwa wale walinzi. Walikuwa askari, wana amri na silaha, na adui waliyemlinda alipita mbele yao. Wala hawakuthubutu kulinyoshea mkono shela lililopita. Haya ya vazi la sitara iliwazuia. Basi vijana wa barazani, wasio na amri ya mtu yeyote, wameipata wapi ruhusa ya kumvua mpita njia baibui lake?

Kwani haya ndiyo yatendwayo, na tuyataje kwa majina yake. Kumfuata mtu ili kumchungua ni tajassus, na Mwenyezi Mungu ameikataza katika Suratul Hujurat. Kumcheka na kumpa majina mabaya kumekatazwa katika sura hiyo hiyo. Kumvua nguo ni kufunua uchi wa mwanaadamu, na hiyo ni haramu isiyo na khilafu. Kumpiga ni dhulma, na kumwua ni katika madhambi makubwa kabisa. Na kumpiga picha kwa simu, kisha kuieneza hata ifike Tanga na Mombasa kabla yeye hajafika kwao, ni kuifanya aibu ya usiku mmoja iwe ya umri mzima. Mtu huyo ana kosa moja, nalo bado lina shaka. Nyinyi mmekusanya mengi, na hayana shaka.

Na mkisema kuwa mwafanya haya kwa ghera ya dini, basi mtazameni mwenye dini. Abu Dawud amepokea kuwa aliletwa kwa Mtume (s.a.w.) mtu aliyejitia hina mikononi na miguuni kwa kujifananisha na wanawake. Akaamuru apelekwe Naqii, nje ya Madina. Wakamwuliza kama wamwue, naye akajibu kuwa amekatazwa kuwaua wenye kusali. Sanad ya hadithi hiyo wamo wanazuoni walioisemea. Lakini maana yake, kwamba damu ya Mwislamu haimwagwi kwa dhana ya watu wa njiani, haina mwenye kuikana. Na katika kitabu hicho hicho imepokewa juu ya mmoja aliyetolewa mjini: iliposemwa kuwa atakufa kwa njaa, Mtume (s.a.w.) akampa ruhusa kuingia mara mbili kila juma, aombe chakula kisha arejee. Aliyehamishwa kwa hukumu ya Mtume hakuachwa afe njaa. Basi vipi baba wa Kiislamu amtoe mwanawe usiku, penye baridi ya mlima, hana senti wala pa kulala, kisha aseme ameifuata Sunna?

Basi linalowapasa, ndugu zetu, ni haya. Mkimwona, inamisheni macho. Mkiona watu wamemkusanyikia, simameni kati yake na wao, mpaka afike mlangoni kwake salama. Kisha mmoja wenu ambaye amjua na kumpenda, asiyekuwa na ulimi mkali, amwendee kwa faragha, amsikilize kwanza. Asaa ana maradhi, au ana umbo alilolificha tangu utotoni, au ana hofu, au ni nafsi yake imemshinda. Kila moja katika hayo ina dawa yake, na hakuna ambayo dawa yake ni mawe. Ikiwa ni jambo la hukumu, wako makadhi na mashekhe wa kuulizwa.

Na huyo kijana naye twamwambia: mlango wa msikiti haukufungwa kwako. Njoo usali, kwani sala ndiyo kamba iliyobaki baina yako na Mola wako, na hapana kiumbe aliyepewa kisu cha kuikata.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusitiri sisi na wana wetu, atuongoze sote katika njia iliyonyoka, na atuepushe na dhulma tuitendayo kwa jina la dini Yake. Amin.

Wallahu aalam.